Kumwachia Mungu Kisasi

Iko mithali ambayo watu huitumia sana wakitaka kulipiza kisasi, nayo ni hii: Dawa ya moto ni moto. Mtu akipigwa husema mithali hiyo, kisha huinua mkono apige. Basi katika somo hili tutaipima, tuone kama yafaa kuwa sheria ya Mkristo. Tutaipima kwa habari za kisiwa cha Pemba, maana huko watu wengi walitendewa dhuluma iliyo kubwa kuliko kalamu kuibwa au tusi la njiani, na haki yao waliingoja siku nyingi.

1. Mikarafuu na watumwa

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1872, tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu mingi mno. Pemba haikupata hasara kama ile, na tangu miaka ile ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Nayo karafuu ni kazi ya mikono mingi. Miti hupaliliwa, na yakifika mavuno karafuu huchumwa upesi kabla maua hayajachanua, huchambuliwa makonyo, kisha huanikwa juani. Wenye mashamba hawakutaka kuilipa ujira mikono hiyo yote. Walinunua watu.

Watu hao walitekwa bara, wengi wao katika nchi za ziwa Nyasa, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa majahazini. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza kuwasafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Walakini majahazi yaliendelea kuja Pemba kwa siri, kwa maana pwani yake ina hori nyingi zilizofichwa na mikoko. Aliyeshushwa huko usiku hakuwa na baba wala mama, wala mjomba wa kumtetea. Kesho yake alipewa jembe. Wengine walikuwa na umri kama wenu ninyi mnaosoma somo hili. Mtoto wa namna hiyo akipigwa bakora, amshitaki nani? Na kwa nani?

2. Amri ya mwaka 1897

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri juu ya utumwa katika Unguja na Pemba. Amri hiyo haikuwafungua watumwa wote siku moja. Ilisema kwamba tangu sasa mahakama hayatalisikiliza dai la bwana juu ya mtumwa wake. Lakini mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani, aombe, na kuonyesha mahali atakapokaa na kazi itakayomlisha. Masuria hawakupewa haki sawasawa na wengine. Wao walingoja mpaka amri nyingine ya mwaka 1909.

Tena amri ile iliwawekea mabwana fidia. Bwana aliyethibitisha hasara yake alilipwa fedha na serikali. Mtumwa hakulipwa kitu. Hakulipwa kwa jasho lake, wala kwa mapigo, wala kwa ndugu aliotengwa nao asiwaone tena.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza: Je, hiyo ni haki? Aliyenunua mtu amelipwa, na aliyenunuliwa ameondoka mikono mitupu! Swali hilo ni jema, wala si dhambi kuliuliza. Nasi tusilikimbie, maana mtu asiyeona ukubwa wa dhuluma hawezi kujua maana ya kumwachia Mungu kisasi.

Watu wengi walitazamia kwamba amri ile italeta fujo. Waliohesabu mapigo ya miaka mingi watayalipa sasa, ndivyo walivyodhani. Lakini hakukutokea maasi. Maelfu walikwenda mahakamani katika visiwa viwili hivi, wakapata hati zao za uhuru. Wengine walibaki mashambani, wakapatana na mabwana zao wa kwanza: siku kadha wa kadha kulitumikia shamba la bwana, na siku zilizosalia kulima kipande chao wenyewe. Wengine walihama. Panga lililokuwa mikononi mwao kila siku kwa kufyekea halikugeuzwa kuwa silaha.

Tuseme kweli, wala tusijisifu. Wengi wa watu hao hawakuwa Wakristo. Wengi walikuwa Waislamu, nao pia husadiki kwamba Mungu ni Hakimu na kwamba iko siku ya hukumu. Wengine walinyamaza kwa woga, wengine kwa kuwa walikuwa na watoto wa kulisha. Mungu ajua mioyo ya watu, sisi hatuijui.

Mwaka ule ule wa 1897 Wakristo waitwao Marafiki walikuja Pemba kutoka Uingereza. Hao ni watu wasiokubali vita wala silaha. Theodore Burtt na wenzake walinunua shamba la Banani, karibu na Chake Chake, wakawapa kazi watu waliofunguliwa utumwani, na ujira wakawalipa. Mikarafuu ilikuwa ile ile, na jua lile lile, lakini sasa jioni mfanyakazi alikwenda kwake na haki yake. Tena walifundishwa habari za Kristo. Hebu mfikirini mtu mzima, mwenye kovu la bakora mgongoni, akisikia mara ya kwanza kwamba Yesu aliwaombea waliomtundika msalabani. Kwake yeye hilo halikuwa somo la kukariri tu. Liligusa kovu lake.

3. Maana ya kumwachia Mungu

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, sura ya 12, awaonya Wakristo wasijilipizie kisasi, bali wamwachie Mungu, ambaye amejitwalia mwenyewe kazi ya kulipa. Watu wengi huyaelewa vibaya mafundisho hayo. Basi yashikeni mambo matatu.

Jambo la kwanza: Paulo hasemi kwamba ubaya si kitu. Mungu akisema kwamba atalipa, maana yake deni liko. Pasipo deni hakuna malipo. Basi anayemwambia aliyedhulumiwa, "Sahau, hilo si neno," hasemi kama asemavyo Mungu. Mungu ameliona, ameliandika, wala halifuti kwa kuwa mdhulumu ni mkubwa au kwa kuwa miaka imepita.

Jambo la pili: hatukatazwi kwenda mbele ya sheria. Paulo mwenyewe, alipoona hatapata haki, aliomba hukumu ya Kaisari; habari hiyo imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 25. Hali kadhalika mtumwa wa Pemba aliyetembea mpaka mahakamani kuomba hati yake hakulipiza kisasi, alidai haki. Kisasi hutaka mwenzangu aumie kama nilivyoumia mimi, na zaidi. Haki hutaka ubaya ukome, na kilichopotoka kinyoshwe. Mwenye kutaka haki huweza kumwombea adui yake. Mwenye kutaka kisasi hawezi.

Jambo la tatu: mizani ya kisasi haikuwekwa mikononi mwetu, kwa sababu hatujui kupima. Mwenye uchungu hupima kwa kibaba kikubwa. Akipigwa kofi moja hulipa mawili, na yule wa pili hulipa manne, na hesabu haina mwisho. Tena mwenye uchungu hukosea mdeni. Akimkosa baba, humpiga mtoto.

4. Moto hauchagui

Mwezi wa Januari, mwaka wa 1964, yalitokea mapinduzi katika Unguja. Sababu zake zilikuwa nyingi, na katika hizo ulikuwamo uchungu wa zamani wa utumwa na dharau. Siku zile watu wengi waliuawa, na wengi wao walikuwa Waarabu. Kati yao walikuwamo maskini, na watoto pia, ambao hawakupata kummiliki mtumwa hata mmoja. Tangu amri ya Sultani Hamud ilikuwa imepita miaka 66. Wengi wa waliowanunua watu walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wa walionunuliwa vile vile. Deni lilidaiwa kwa damu ya watu wasiolikopa, nalo halikulipika, bali liliongezeka deni jipya.

Basi sasa twaweza kuijibu ile mithali. Mkulima wa Pemba ajua kwamba mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Jirani akilichoma shamba lako, nawe ukalichoma lake, hukurudishiwa hata mti mmoja. Yako mashamba mawili ya majivu, na nyumba mbili zenye njaa. Moto haukuwa dawa. Ulikuwa moto wa pili tu.

5. Mfano kutoka Uganda

Labda mwanafunzi atasema, "Mwenye kumwachia Mungu kisasi ni mtu mnyonge asiyethubutu kusema." Sivyo. Sikilizeni habari ya Uganda, nchi iliyotawaliwa kwa ukatili na Idi Amin tangu mwaka 1971. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, pamoja na Askofu Mkuu wao Janani Luwum, walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji. Hawakuficha ubaya, waliutaja mbele ya mwenye bunduki. Tarehe 16 ya mwezi ule Luwum aliuawa. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbia na mkewe mpaka nje ya nchi.

Kivengere alikuwa na uchungu mwingi. Lakini mwaka ule ule alitoa kitabu, na jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema, Nampenda Idi Amin. Hakusema kwamba Amin ametenda mema. Alisema kwamba chuki iliyokuwa ikimla moyo wake imemlazimu kumwomba Mungu ampe kusamehe, kwa maana Kristo aliwasamehe waliomsulibisha.

Amin alipinduliwa mwaka 1979, akakimbia. Alikufa katika nchi ya Saudia mwaka 2003, wala hakusimamishwa mbele ya mahakama hata siku moja. Tazameni basi: mahakama ya wanadamu humkosa mtu, na fidia ya wanadamu huenda kwa asiyestahili, kama ilivyokuwa Pemba. Kama hakuna Hakimu mwingine ila sisi, basi wengi wa waliodhulumiwa duniani wamepotelewa na haki yao milele. Bali Mkristo husadiki kwamba yuko Hakimu ambaye mshitakiwa hawezi kumkimbia kwa jahazi wala kwa ndege. Imani hiyo ndiyo iwezayo kuushusha mkono ulioinuliwa.

6. Sisi tufanyeje?

Mwenzako akikuibia, usimwibie. Mwambie mwalimu. Akikutukana mama yako, usimtukane wa kwake, maana mama yake hakukukosea neno. Watu wa nyumba yako wakigombania mpaka wa shamba na jirani, usiende usiku kumkatia miti; shauri hilo lina wazee, lina sheha, lina mahakama. Mkimwona mwizi amekamatwa sokoni na watu wameokota mawe, usiokote la kwako.

Tena sikilizeni neno hili. Mtu mzima akikutenda vibaya, kusamehe si kumfichia. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini, na wa kwanza asipokusikiliza mwambie wa pili, ili ubaya ukome, usiwafikie na wengine. Kumwachia Mungu kisasi si kumwachia mbaya nafasi.

Haya yote si mepesi. Jeraha la moyo haliponi siku moja, na mara nyingine mtu humwomba Mungu jambo hili asubuhi, na jioni huona chuki imerudi. Basi na aombe tena. Mungu hakawii kwa kusahau.

Maswali

1. Kwa nini Pemba ilihitaji mikono mingi baada ya mwaka 1872?
2. Kwa amri ya mwaka 1897, nani alilipwa fidia, na nani hakulipwa? Wewe waonaje?
3. Eleza tofauti ya kisasi na haki kwa mfano wako mwenyewe.
4. Askofu Mkuu Luwum na wenzake walifanya nini kinachoonyesha kwamba Mkristo hanyamazii ubaya?
5. Soma habari ya Daudi na Sauli pangoni katika 1 Samweli, sura ya 24. Daudi alikuwa na nafasi gani, na kwa nini hakuitumia?
6. Andika mistari kumi juu ya mithali "Hasira hasara."