Kijana Aendaye Kusomea Kilimo

Mtoto wa pwani ya Mtwara akimwambia babu yake ya kuwa ataka kwenda chuo kikuu kusomea kilimo, labda babu atacheka. "Mjukuu wangu," atasema, "jembe lile pale mlangoni, na shamba lile kule. Wataka kusafiri hata Morogoro ukafundishwe kazi uliyoianza ungali mdogo?" Swali hili si la kupuuzwa, wala halistahili kujibiwa kwa kiburi. Babu ajua dalili za mvua, ajua udongo wa kichanga na udongo wa mfinyanzi, ajua mbegu ya kuweka na mbegu ya kula. Basi na tutazame mambo mawili yaliyotokea katika nchi hii ya kusini, ndipo tumjibu.

La kwanza ni habari ya bandari ya Mtwara. Zamani mji uliojulikana katika pwani hii ulikuwa Mikindani. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe watatu kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Walizunguka kwa majuma machache, na sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka katika ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, nao walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea, na Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari ya kupakia karanga hizo. Karanga hazikuja. Kule Kongwa udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama sakafu, ukazishika karanga ndani yake, na mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Reli ilifungwa mwaka 1962. Bandari ikabaki, na siku hizi hupakia korosho. Watu wale walikuwa na fedha, na mashine, na wasomi pia. Lakini hawakungoja kulima vishamba vidogo kwa misimu michache kwanza, wakaona udongo utajibu nini.

La pili ni hiyo korosho yenyewe. Mkorosho ni mgeni kwetu. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, ukapendezwa na mchanga wa pwani na uwanda wa Makonde. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha mavuno yakashuka, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 hayakufika tani 20,000 katika misimu mingine. Sababu hazikuwa moja. Watu wengi walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa ndogo. Lakini mitini palikuwa na adui mwingine: unga mweupe ulifunika maua, nayo yakanyauka yasizae. Mwaka 1979 ugonjwa huo ulitambuliwa kuwa ni kuvu, nao huitwa ubwiri unga. Hushambulia majani machanga na maua katika miezi ya baridi, tangu Juni hata Septemba. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walijaribu unga wa salfa, wakapima wakati wa kuupuliza na kiasi chake, na katika miaka ya 1990 mavuno yakaanza kupanda tena.

Sasa fikiri. Mtu apuliza salfa katika mkorosho mmoja, apata madebe matatu. Jirani yake hakupuliza, apata debe moja. Je, ni kazi ya salfa? Labda mti wa kwanza umesimama karibu na zizi la mbuzi. Labda wa pili ni mzee, au umesongwa na miti mingine. Kwa macho tu hatuwezi kujua. Mwanafunzi wa kilimo hufundishwa kugawa shamba katika vipande vingi, kisha kupiga kura ili kujua kipande kipi kitapulizwa na kipi kitaachwa. Kwa nini kura? Kwa sababu jicho lina upendeleo: mtu huipeleka dawa yake penye mti mzuri, wala hajijui. Baadaye hupima korosho za kila kipande kwa mizani, hurudia msimu wa pili na wa tatu, na hufanya hesabu kuona kama tofauti ile yaweza kuwa bahati tu. Kijana anayekimbia hesabu, na ajue mapema ya kuwa huko hataziepuka; wala hataepuka matope.

Hayo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya milima ya Uluguru. Kilianza mwaka 1969 kama kitivo cha Chuo cha Dar es Salaam, kikasimama peke yake mwaka 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi wa Aprili mwaka huo. Hapo watu husoma habari za udongo, mimea, wadudu, misitu, na uchumi wa shamba. Atakaye kuwa tabibu wa mifugo husoma miaka mitano.

Wala kazi haiishi dawa ikipatikana. Salfa ianguka chini, na udongoni hugeuka polepole kuwa asidi. Mchanga wetu ni dhaifu, hauwezi kuizuia, nao huchacha. Babu aliona maua yakipona, akafurahi, na ilikuwa haki yake. Uchachu ule hauonekani wala hausikiki mkononi, hupimwa. Akiuliza tena kwa nini wataka kwenda Morogoro, mwambie habari hiyo, na habari ya kura.

Penye mlango wa mto Ruvuma yako maswali mengine. Wakulima wa mpunga katika mabonde ya mto huo hupokea mafuriko yaletayo udongo mpya, na huko chini, kuelekea mikokoni, maji ya bahari hupanda pamoja na bamvua. Chumvi hufika mpaka wapi, na mwezi gani? Mtoto wa huko aweza kuanza kulichunguza kabla hajaiona Morogoro.

Nawe wa juu, penye mikorosho, shika daftari. Mwezi wa Juni chagua miti kumi ya baba yako kwa kura, uitie alama, uandike kila juma ni matawi mangapi yenye maua na mangapi yenye unga mweupe. Hata Oktoba, korosho zitakapoanza kuanguka, zipime za kila mti mbalimbali.