Dondoo muhimu: Mombasa kwenye postikadi

Kateni karatasi ya manila, sentimita 15 kwa 10. Kabla ya kuchora, mpeni mtoto swali la kuchunguza: kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni za mawe gani? Akishagundua ni matumbawe, hatatosheka tena na kisanduku cha kijivu chenye bendera juu. Sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Moi Avenue ni rahisi mno kuchora, waachieni wadogo. Nyuma, pigeni mstari katikati: kushoto habari, kulia anwani na stempu. Habari iwe jambo aliloliona mwenyewe, si sentensi iliyonakiliwa ubaoni. Kisha kadi itumwe kweli, kwa bibi au shangazi aliye bara. Msisahau nambari ya sanduku la posta.