Kuchagua Kiungio cha Kuteleza kwa Pikapu Yenye Bodi Fupi

Nchini Marekani, trela kubwa za kulala safarini huvutwa kwa sahani ya chuma iliyofungwa ndani ya bodi ya pikapu, ambamo kingpini ya trela hujifunga. Sahani hiyo hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Bodi ikiwa ya futi 8, kwa kawaida hapana tabu. Ikiwa ya futi 6 na nusu au pungufu, kona ya trela yaweza kuvunja kioo cha nyuma cha kebini dereva akatapo kona kali. Kiungio cha kuteleza huisogeza sahani nyuma kwa muda huo.

Kabla ya kununua, pima. Trela nyingi zina upana wa hadi inchi 102, ambao nusu yake ni inchi 51. Sahani ikiwa nyuma kabisa, umbali kutoka katikati yake hadi kebini uzidi nusu hiyo. Vinginevyo trela haitakata pembe mraba bila kugusa, isipokuwa kona zake za mbele zimepunguzwa.

Kiungio cha mkono ni nafuu zaidi, ila dereva hushuka na kuvuta wenzo kabla ya kona, kisha hana budi kuirudisha sahani mahali pake. Akisahau akaingia barabara kuu, uzito hulemea nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani haushiki vyema. Kinachojisogeza chenyewe humwondolea dereva usahaulifu huo. Kwa anayeegesha mara kwa mara penye nafasi finyu, twaona gharama yake ina haki.

Muuzaji atataja uwezo wa kiungio, pengine pauni 16,000. Huo ni uwezo wa kiungio, si wa gari. Soma kibandiko cha uzito kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kingpini hubeba takriban asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela: kwa trela ya pauni 12,000, asilimia 20 ni pauni 2,400. Ongeza abiria wa pauni 320 na kiungio cha pauni 200, jumla ni 2,920. Kibandiko kikiruhusu 1,900, hakuna kiungio kitakachoongeza hata pauni moja.

Anayenunua kilichokwisha kutumika adai pia reli, boliti na kijitabu cha mtengenezaji, kwani reli za mmoja si lazima zikubali kiungio cha mwingine.