Ubatizo ni Msingi, si Paa

Mtu apitaye Kiseke, upande wa Ilemela katika Mwanza, ataona nyumba zilizohamiwa kabla ya kwisha. Upande mmoja umeezekwa, upande wa pili nondo zachomoza juu ya ukuta, na dirisha limezibwa kwa matofali. Hakuna amchekaye mwenye nyumba hiyo, maadamu kila mwaka aongeza kidogo. Lakini yuko jirani yake aliyeweka msingi, akainua kuta mpaka juu ya madirisha, kisha akasema, "Yatosha." Majani yameota chumbani, na mvua yala matofali. Wote wawili hawajamaliza. Tofauti yao ni moja tu: wa kwanza bado anajenga.

Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kusema juu ya nyumba hiyo ya pili, kwa sababu yaonekana katika jamaa nyingi za Kikristu. Kijana akishapokea Kipaimara huaga mafundisho kama aagavyo shule. Bwana na bibi wakishafunga ndoa kanisani, cheti hufungiwa sandukuni, na sala ya pamoja hufungiwa humo humo. Mzee akialikwa kujifunza hujibu kwamba mafundisho ni ya watoto, yeye alibatizwa zamani.

Tena yuko mwingine, ambaye kosa lake lafanana na unyenyekevu. Husema, "Mimi sijui kitu. Dini waifundishe mapadre na makatekista. Nikikomaa ndipo nitakaposaidia." Yule adhani amemaliza, kwa hiyo haendelei. Huyu ajua hajamaliza, kwa hiyo haanzi. Wote wawili wamesimama.

Jibu lao limo katika historia ya Ziwa letu. Tarehe 30 Desemba 1878 wamisionari wa kwanza wa Shirika la Mapadre Weupe walifika Kageye, kwenye mwambao ulio mashariki ya mji wa Mwanza, baada ya safari ya miezi sita kutoka Bagamoyo. Mmoja wao, Padre Pascal, alikuwa amefia njiani. Mwezi wa Januari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi, na tarehe 17 Februari wakafika Entebbe, wenzao wakawafuata. Mwanzilishi wao, Lavigerie, aliamuru mtu asibatizwe kabla ya kujaribiwa na kufundishwa miaka minne. Kwa hiyo waliobatizwa Buganda walikuwa wachache.

Mwezi wa Novemba 1882, kwa kuona hatari, mapadre wakaondoka Buganda, wakarudi kusini ya Ziwa. Mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Je, huko nyuma alibaki nani?

Walibaki watu kama Yosefu Mukasa na Andrea Kaggwa, waliobatizwa tarehe 30 Aprili 1882, na Mathias Mulumba, aliyebatizwa tarehe 28 Mei mwaka uo huo. Walikuwa Wakristu wa nusu mwaka tu. Misa hawakuwa nayo, wala Kitubio, wala padre wa kumwuliza swali. Wangaliweza kusema kwa haki kabisa, "Sisi bado wachanga, na tungoje walimu wetu." Hawakusema hivyo. Walifundisha kile walichokijua. Yosefu Mukasa aliwalea vijana wa ikulu ya Kabaka. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Mathias Mulumba na Luka Banabakintu walikusanya watu huko Mityana kwa sala na mafundisho, na mmoja wa waliopata imani huko ni mfinyanzi Noa Mawaggali. Mapadre waliporudi Julai 1885 waliwakuta wakatekumeni wengi kuliko wale waliowaacha.

Tuangalie pia kwamba hawakujidhania wamekamilika. Padre aliporudi, walimjia tena ili wafundishwe na kupata Sakramenti. Noa alibatizwa tarehe 1 Novemba 1885. Tarehe 15 ya mwezi huo Yosefu Mukasa aliuawa. Mara baada ya kifo hicho Karoli Lwanga alipokea Ubatizo, akashika uongozi wa vijana wa ikulu. Mwezi wa Mei 1886, hatari ilipokuwa mlangoni, yeye mwenyewe aliwabatiza Kizito na wenzake huko Munyonyo. Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo. Ukristu wake wa Ubatizo haukutimiza miezi saba. Naye ndiye ambaye Baba Mtakatifu Paulo VI alimtangaza Mtakatifu pamoja na wenzake 21, tarehe 18 Oktoba 1964.

Basi somo ni nini? Ni kwamba kukua na kutumwa si mambo mawili yanayofuatana, la kwanza lishe ndipo la pili lianze. Ni jambo moja. Baba ajibuye swali la mtoto wake juu ya Mungu hulazimika kujifunza upya alichosahau. Mama amwombeaye mgonjwa wa jirani hujifunza kusali kuliko alipojiombea mwenyewe. Imani isiyotolewa hudumaa. Mtume Paulo, akiwa kifungoni baada ya miaka mingi ya utume, aliwaandikia Wafilipi kwamba yeye mwenyewe hajafika, bali apiga mbio. Ikiwa Paulo hakufika, nani kati yetu atasema amefika?

Nasi mapadre tusijitoe katika somo hili. Baada ya miaka mingi ya seminari kuu ni rahisi kudhani kwamba siku ya upadirisho ndiyo mwisho wa masomo. Padre aliyefunga vitabu vyake hutoa mahubiri yale yale mpaka waamini wayajue kwa moyo.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, jioni moja kila juma wazazi wakae na watoto, wasome sehemu fupi ya Injili, na kila mmoja aseme alichoelewa. Asiyejua jibu asione haya kwenda kumwuliza katekista au padre. Pili, kila jamaa ichague mtu mmoja katika Jumuiya yake, mgonjwa au aliyeacha kusali, imtembelee bila kuchoka. Tatu, kila mmoja achague kosa lake moja, lile analoliungama kila mara, apigane nalo kwa neema ya Mungu hadi lipungue.

Ni mambo madogo, lakini ndivyo nyumba nyingi za Kiseke zijengwavyo, tofali juu ya tofali. Mwenyezi Mungu aliyeanza kazi ndani yetu siku ya Ubatizo ndiye atakayeimaliza. Bwana atakapokuja hatatukuta tumeezeka kila chumba. Na atukute tu na mwiko mkononi.