Mandari katika bustani ya mimea ya Amani

Bustani ya mimea ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya majaribio ya kilimo. Mikwinini, mipira, miti ya mbao, matunda na viungo vililetwa kutoka mabara mengine ili ijulikane ni mimea ipi itakayoshika huku. Mgeni asitarajie basi nyasi zilizopunguzwa na maua yaliyopangwa kwa safu. Msitu umeirudia sehemu kubwa ya bustani, na hapo ndipo ulipo uzuri wake.

Safari huanzia Muheza, na ni vyema kuondoka mapema kwa gari la kukodi. Machungwa yanunuliwe hapo hapo Muheza, kwani wilaya hiyo inasifika kwayo. Kiingilio hulipwa Zigi, ilipokuwa stesheni ya mwisho ya reli ndogo ya Wajerumani. Kutoka hapo barabara hupanda hadi Amani, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Sweta ni lazima, na mvua yaweza kunyesha mwezi wowote, hata Januari na Februari.

Chakula kinachofaa ni kile kisichohitaji moto: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Vyombo viwe na vifuniko, maana kima hawachelewi kugundua mkeka ulipo. Ardhi ina unyevu muda wote, hivyo turubai litangulie chini ya mkeka. Kabla ya kutandika, majani makavu yakaguliwe kwa fimbo: msafara wa siafu hauonekani hadi mtu aukalie.

Kuwa na kiongozi wa msitu ni fedha iliyotumika vizuri. Ndiye anayejua mwamba wenye kivuli ambako huota Saintpaulia, ua la zambarau lenye kitovu cha njano na majani manene yenye vinyweleo. Ua hili, ambalo leo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, asili yake ni misitu ya upande huu. Litazamwe tu, lisichumwe.

Maganda, kokwa na mbegu zote zirudi nyumbani na wenyewe. Agizo hili lina sababu nzito. Maesopsis eminii, mti uliopandwa Amani na Wajerumani, umeenea hadi ndani ya msitu wa asili, kwa kuwa hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu. Kuung'oa sasa ni kazi kubwa mno.

Kufikia saa tisa alasiri mizigo iwe imefungwa. Ukungu ukishuka, kona za kuteremkia Zigi hazionekani vizuri, na zikilowa huteleza.