Kioo na Fuwele: Mfano wa Oksidi za Risasi na Jemaniamu

Kila mwaka wapo watahiniwa wanaoandika kwamba yabisi zote zina fuwele. Hapo alama hupotea bure. Kioo ni yabisi, ila atomi zake hazina mpangilio unaojirudia. Ndiyo maana hakina kiwango myeyuko kimoja; ukikipasha joto hulainika kidogo kidogo.

Tuchukue oksidi mbili. PbO huyeyuka kwenye 888°C hivi, na GeO₂ kwenye 1115°C hivi. Zikichanganywa, mchanganyiko huanza kuyeyuka chini ya viwango vyote viwili. Kanuni hii unaijua tangu uliposoma kwamba uchafu hushusha kiwango myeyuko.

Oksidi hizi hazifanyi kazi moja. GeO₂ hujenga kioo peke yake, kwa sababu kila atomi ya jemaniamu hushikana na oksijeni nne na kufanya wavu mgumu. Uyeyusho wake ni mzito, hivyo atomi hukosa nafasi ya kujipanga unapopoa. PbO peke yake ikipoa huwa fuwele. Ndani ya mchanganyiko, PbO hukata baadhi ya nyuzi za wavu huo.

Swali. PbO na GeO₂ huungana kufanya Pb₅Ge₃O₁₁. (a) Tafuta tungamo la PbO linalohitajika kutengeneza gramu 14.3. (b) Uyeyusho uleule umepozwa ghafla, kisha polepole. Eleza tofauti. (Pb = 207, Ge = 73, O = 16)

Jibu. (a) 5PbO + 3GeO₂ → Pb₅Ge₃O₁₁

Tungamo la moli moja ya zao: (5 × 207) + (3 × 73) + (11 × 16) = g 1430.
Moli za zao: 14.3 ÷ 1430 = 0.01.
Moli za PbO: 5 × 0.01 = 0.05.
Tungamo: 0.05 × 223 = g 11.15.

Ukipata g 8.94, umegawa gramu kwa uwiano wa 5:3. Uwiano huo ni wa moli! Hakiki: GeO₂ ni 0.03 × 105 = g 3.15, na 11.15 + 3.15 = 14.3.

(b) Ukipozwa ghafla, atomi hukwama zilipo na kupatikana kioo. Ukipozwa polepole, hujipanga kuwa fuwele. Fomula haibadiliki, mpangilio ndio hubadilika. Kioo hicho kikipashwa joto tena, hugeuka fuwele kabla ya kuyeyuka.

(Msilijaribu hili maabara ya shule, mvuke wa risasi ni sumu.)