Umekatwa Asilimia 5, Bado Hujamalizana na KRA

Msomaji wetu mmoja wa Nakuru ameandika kwa uchungu. Ni mwalimu wa chuo cha ufundi. Kwa miaka mingi alihangaika na mashine ya kupukuchua mahindi bila kuvunja punje, mpaka akapata hataza kutoka KIPI, taasisi inayosajili uvumbuzi, na kukipa kiwanda kimoja leseni ya kuitengeneza. Mwaka 2024 kiwanda kilihesabu mrabaha wake kuwa Sh400,000, kikakata Sh20,000 za kodi, akatumiwa Sh380,000. Juni iliyofuata akaipeleka P9 yake kwa kijana wa saiba, ritani ikawasilishwa, risiti ikachapwa, naye akalala usingizi wake. Sasa wakaguzi wa KRA wamepitia vitabu vya kiwanda na kuyaona yale malipo. Mwalimu ameandikiwa kwamba anadaiwa Sh120,000, mbali na adhabu na riba. “Walishanikata kodi yao,” anasema. “Kwani hindi moja hupukuchuliwa mara mbili?”

Mwalimu ana haki katika Sh20,000. Katika Sh100,000 zilizobaki hana, na inaniuma kumwambia hivyo kwa sababu aliyempoteza ni sheria yenyewe.

Mkenya wa kawaida hukutana na kodi ya zuio mahali pawili. Benki ikimpa riba humkata asilimia 15, na hapo amemaliza. Chama cha akiba au kampuni ikimpa gawio humkata asilimia 5, na hapo pia amemaliza. Hatakiwi kuiongeza fedha hiyo kwenye hesabu ya mshahara wala kutozwa tena. Kisha siku moja anapata mrabaha wa hataza, anaona amekatwa asilimia 5 ileile ya gawio, na anadhani mambo ni yaleyale. Ni nani angedhani vingine? Lakini kwa mkaazi wa Kenya, asilimia 5 ya mrabaha ni malipo ya awali tu. Mrabaha wote unaunganishwa na mapato yako mengine ya mwaka, unatozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, halafu zile asilimia 5 zinaondolewa kwenye jumla unayodaiwa.

Mwalimu wetu anapata mshahara wa Sh60,000 kwa mwezi, yaani Sh720,000 kwa mwaka. Kiwango cha asilimia 10 huishia kwenye Sh288,000 za mwanzo za mwaka, na cha asilimia 25 kwenye Sh100,000 zinazofuata. Kuanzia hapo hadi milioni 6 ni asilimia 30. Mshahara wake peke yake umeshavuka ngazi mbili za chini, kwa hiyo kila shilingi ya mrabaha inaangukia kwenye asilimia 30. Kodi ya Sh400,000 ni Sh120,000. Ondoa Sh20,000 alizokatwa, zinabaki Sh100,000 ambazo hakuna aliyemtajia siku ya kutia saini mkataba wa leseni.

Hesabu hiyohiyo huweza kumgeukia mtu kwa heri. Fundi asiye na mshahara wala biashara nyingine, aliyepata mrabaha wa Sh250,000 kwa mwaka, kodi yake ni Sh25,000, na nafuu ya mtu binafsi ni Sh28,800. Hadaiwi chochote. Kiwanda kikiwa kimemkata Sh12,500, hizo ni pesa zake, na ana miaka mitano ya kuomba arudishiwe. Anayemshauri fundi kama huyo awasilishe ritani ya sufuri kwa sababu “hana kazi” anamnyang'anya haki yake kwa ada ya Sh200 ya saiba.

Turudi kwenye zile Sh20,000 za mwalimu, maana hapo ndipo ninapoona watu wakionewa mchana kweupe. Kiwanda kilikata lakini hakikupeleka. Mwalimu hakuwahi kupewa cheti cha kodi ya zuio, na akiingia kwenye akaunti yake ya iTax haoni kitu kwenye orodha ya vyeti. Kwa kuwa mfumo hauoni cheti, umemhesabia kodi nzima kana kwamba hakukatwa hata senti. Sheria ya Kodi ya Mapato haisemi hivyo hata kidogo. Kifungu cha 39 kinasema kodi iliyokatwa chini ya kifungu cha 35 ihesabiwe kuwa imelipwa na yule anayepaswa kuitoa, na ipunguzwe kwenye deni lake. Kinachotajwa pale ni kukatwa. Ikishakatwa, wewe umelipa, na kilichotokea baadaye ni kati ya kiwanda na Kamishna. Sheria ya Taratibu za Kodi, kifungu cha 39A, inamgeukia aliyepaswa kukata na kupeleka asifanye hivyo, na kumtoza kodi ile pamoja na adhabu zake kana kwamba deni ni lake mwenyewe.

Afisa atakayekwambia “bila cheti sisi hatuwezi kukusaidia” anakueleza udhaifu wa kompyuta yake. Mwombe aandike kwenye barua kwamba anakataa kutumia kifungu cha 39. Utashangaa sauti itakavyoshuka.

Ila unahitaji ushahidi kwamba ulikatwa, na huo hutautengeneza siku ya kuandikiwa barua. Karatasi ya malipo inayoonyesha jumla, makato na kilichobaki. Taarifa ya benki yenye Sh380,000 iliyoingia. Mkataba unaosema mrabaha ni Sh400,000. Barua pepe ya mhasibu. Kifungu cha 35 kinamlazimu mlipaji akupe cheti kinachoonyesha kiasi alicholipa na kodi aliyokata. Si hisani. Usingoje Juni, kila ukilipwa, ingia iTax uangalie, na usipokiona cheti mwandikie mhasibu siku hiyohiyo ili barua yako iwe na tarehe. Nimechoka na wahasibu wa viwanda wanaojibu kwa miezi kwamba cheti “kinashughulikiwa”. Anayekata pesa ya mtu kwa jina la serikali na kukaa nayo ameiba mara mbili, na nikiangalia walivyo watulivu naona wanajua anayefuatwa kwanza ni mvumbuzi.

Wapo wanaokwepa cheti kwa njia ya mzunguko. Kiwanda kinaita mrabaha “ada ya ushauri” na kuugawa vipande vya chini ya Sh24,000 kwa mwezi, kwa kuwa ada za kitaalamu za chini ya hapo hazikatwi zuio. Mrabaha hauna kizingiti hicho. Ukikubali jina hilo kwenye ankara utapokea fedha nzima na kufurahi, huku kodi yote ikikusubiri mwisho wa mwaka. Isitoshe, umejiandikia kwa mkono wako kwamba hulipwi kwa sababu ya hataza. Siku kiwanda kitakapokana leseni, ankara zako zitakuwa shahidi wao.

Kwenye ritani, mrabaha huandikwa kwa jumla yake kabla ya makato. Mwalimu aandike 400,000 kwenye mapato yasiyo ya mshahara, kisha zile 20,000 kwenye jedwali la kodi ya zuio. Ukiandika 380,000 na bado ukadai 20,000, umejitengenezea upungufu ambao KRA itauona mara tu itakapolinganisha ritani yako na vitabu vya mlipaji. Kinachotozwa ni faida, kwa hiyo ondoa gharama zilizotumika kwa ajili ya kupata mapato hayo tu: ada za kila mwaka za kuihifadhi hataza, wakili aliyekufuatilia mrabaha, safari za kukagua mashine kiwandani. Tangu Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS. Muuza chuma wa pembeni mwa barabara hana eTIMS, na sheria sasa inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo. Wenye simu nzuri na subira watafaulu.

Tarehe nazo zina mtego. Nchi nzima inajua 30 Juni. Lakini hiyo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Kodi iliyobaki ilipaswa kulipwa kufikia 30 Aprili. Anayelipa 29 Juni akijiona amewahi tayari ana adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Na kodi yako ambayo haikukatwa kwenye chanzo ikizidi Sh40,000 kwa mwaka, unatakiwa kuilipa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, mwaka ukiwa bado unaendelea. Mwalimu aliyezoea mwajiri kumaliza kila kitu kwenye PAYE angejuaje?

Swali moja huulizwa mara kwa mara: nikiiuza hataza yenyewe, nitalipa ile asilimia 15 ya faida ya mtaji? Hapana. Tafsiri ya mrabaha katika Sheria ya Kodi ya Mapato haiishii kwenye malipo ya kutumia hataza, alama ya biashara, usanifu au fomula. Mwishoni mwake imeongezwa faida inayotokana na kuuza au kubadilishana haki yenyewe inayozaa mrabaha. Anayeuza shamba la urithi hulipa asilimia 15. Anayeuza hataza aliyoihangaikia ujana wake wote, akilipwa milioni 3 kwa mkupuo, sehemu kubwa inaenda kwenye asilimia 30.

Ninaona kosa la watunga sheria hapa, na sina haja ya kuliremba. Uvumbuzi hauna msimu wa mavuno wa kila mwaka. Mtu huchoma vyuma miaka kumi bila kipato wala ankara, halafu hulipwa katika mwaka mmoja, na sheria inamtoza kana kwamba alianza kazi Januari. Uingereza, ambako tulirithi mengi ya kodi zetu, aliyelipwa kwa mkupuo mrabaha wa hataza iliyotumika kwa miaka kadhaa anaweza kuomba kodi ihesabiwe kana kwamba malipo yaligawanywa kwenye miaka hiyo. Sisi tulichukua makato tukaiacha nafuu. Na mgeni asiye mkaazi anayepokea mrabaha kutoka Kenya hukatwa asilimia 20 ya jumla, akamaliza, hajui ritani wala awamu. Ni kweli yeye haruhusiwi kuondoa gharama. Lakini mwalimu wa Nakuru asiye na ankara za eTIMS naye hana gharama za kuondoa, na anatozwa asilimia 30. Bunge lingeweza kumpa mkaazi mdogo hiari ya kulipa kiwango kimoja cha mwisho kwenye chanzo, kama gawio. Wapo wanaodai hilo lingepoteza mapato ya serikali, wakati fedha iliyokatwa na kiwanda hata leo haijafika hazina.

Sasa mwalimu afanye nini. Tarehe aliyopokea barua ya makadirio ndiyo inayohesabiwa, na ana siku 30 tu za kuwasilisha pingamizi la maandishi. Pingamizi halihesabiwi kuwa halali kama hujalipa, au hujaomba muda wa kulipa, sehemu ambayo huibishii. Kwa hiyo asibishe zote. Akiri mrabaha, aondoe gharama anazoweza kuzithibitisha, alipe au aombe kulipa kidogokidogo kinachobaki, na abishe Sh20,000 kwa kutaja kifungu cha 39 na kuambatisha taarifa ya benki na mkataba. Aeleze pia kwamba alikosea bila nia mbaya, kwa sababu kodi iliyofichwa kwa makusudi inaweza kubeba adhabu ya asilimia 75 ya upungufu. Wewe ambaye hujaandikiwa barua bado, rekebisha ritani yako leo. Ya mpaka miaka mitano nyuma inafunguka, na anayejitokeza kabla ya kugunduliwa hupunguziwa adhabu hiyo.

Asimpe mtu yeyote “kitu kidogo cha kufunga faili”. Broka anayesimama nje ya kituo cha huduma na kuahidi kufuta deni la Sh120,000 kwa Sh15,000 hafuti chochote. Deni linabaki kwenye mfumo likiongezeka kila mwezi, na siku ya pili broka hashiki simu.

Kamishna ana siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali. Akilikataa, una siku 30 za kwenda kwenye Mahakama ya Rufaa za Kodi. Akinyamaza hadi siku 60 zikapita, sheria inahesabu pingamizi lako limekubaliwa. Kwa hiyo usiondoke kwenye kaunta bila muhuri wenye tarehe juu ya nakala yako, na kama umewasilisha mtandaoni, chapa risiti usiku huohuo.